Sungura anayehema asubuhi: ni joto, mapafu ao moyo?

Wanamemba wa koperative, tuanze na kosa moja linaloua sungura wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mfugaji anaona sungura wake anahema mbio mbio, mbavu zinapiga. Anakimbia kwa farmasi, anauliza antibiotiki, anapewa amoksisilini ya watu. Anafungua kapsili, anachanganya na maji, anamnywesha. Siku chache nyuma yake sungura anaharisha na kufa, na watu wanasema ugonjwa ulikuwa wa nguvu.

Hapana, haikuwa ugonjwa. Tumbo la sungura linafanya kazi juu ya vijidudu vizuri vinavyoishi ndani yake na kusaga majani. Amoksisilini, ampisilini na penisilini za kupitisha kinywani zinaua vile vizuri na kuacha vibaya vizae. Linkomisini na klindamisini ni vile vile. Mbuzi ao mtu anaweza kupona na dawa hiyo, sungura inamuua. Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: musimpe sungura dawa yoyote ya namna ile kwa kinywa, hata kama imebaki nyumbani na ni ya bule.

Neno la pili ndilo tutakaa nalo leo. Si kila sungura anayehema iko na ugonjwa wa mapafu. Mwingine ni joto tu. Na mwingine ni moyo, na moyo haupone na antibiotiki yoyote.

Sungura gani anaugua moyo?

Wale tunaofuga juu ya nyama na kuchinja wakiwa na miezi mitatu ao mine hawafiki pale. Moyo unachoka kwa wale wanaoishi miaka. Katika koperative wako wa namna mbili. Wa kwanza ni dume ya kupandisha, ile munatunza miaka mitatu, mine, juu iko na mwili mkubwa na watoto wake wanakua vizuri. Wa pili ni sungura wa mtoto. Kila kijiji iko naye: mtoto alimpa jina, anamletea matembele kila jioni, na siku baba anaposema leo tunamchinja, nyumba nzima inakuwa kilio. Tusiwacheke. Mnyama huyo anaweza kuishi miaka saba, nane, na ndiye wa kwanza kuonyesha ugonjwa wa uzee.

Waganga wa wanyama wameona tena kama sungura wa mbegu kubwa, kama Géant des Flandres, wanaelekea kuugua misuli ya moyo kuliko wadogo. Wale wanaotafuta mbegu kubwa juu ya kilo mingi wajue hilo.

Moyo wa sungura ni mdogo sana kwa mwili wake: karibu gramu 2 mpaka 3 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa iko na karibu mara tatu ya ile. Na ule moyo mdogo unapiga mara 180 mpaka 250 kwa dakika, akiogopa unapita 300. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu haina njia nyingi za pembeni. Moja ikifinyika, nyingine haziwezi kuisaidia vizuri. Ndiyo maana sungura anaweza kufa mikononi mwa mtu kwa woga tu. Wazee wanasema amekufa na hofu, na hawakosei sana.

Moyo ukichoka, hausukume damu yote. Damu inachelewa nyuma, maji yanatoka katika mishipa na kujaa kifuani ao tumboni. Sasa mapafu hayana nafasi ya kufunguka, na sungura anahema mbio. Muone vizuri: anahema kama mwenye ugonjwa wa mapafu, lakini mapafu ni mahali tu ambapo shida ya moyo inaonekana.

Kuhesabu pumzi

Hakuna mashine ya kupiga picha ya moyo Lulimba. Lakini kila mtu iko na macho na simu yenye saa. Mwende kwa klapie alfajiri, mbele jua halijapanda, mbele hamujamgusa wala kumlisha. Musimame mbali kidogo. Muangalie ubavu wake, pale nyuma ya mbavu za mwisho. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Muhesabu dakika moja nzima.

Sungura mkubwa aliyepumzika mahali pa baridi anavuta pumzi kati ya 30 na 60. Akiwa katikati hapo, ni sawa. Akipita 60 alfajiri, siku tatu zikifuatana, iko na shida, na si joto, juu joto bado halijakuja. Muandike hesabu katika daftari la klapie pamoja na tarehe. Hesabu moja haisemi kitu kikubwa. Hesabu kumi zinasema njia ugonjwa unakwenda.

Pua tena. Sungura anapumua kwa pua tu. Mukimuona amefungua kinywa na kuinua kichwa juu akitafuta hewa, ile si ya kesho. Ni ya sasa hivi.

Kutenganisha yale matatu

Joto linashika wengi pamoja. Saa sita ya mchana, klapie chini ya bati, masikio yote ni ya moto na mishipa yake imesimama, wote wamelala wamenyooka. Jioni wanarudia hali yao. Sungura hatoki jasho. Anatoa joto kwa masikio na kwa pumzi. Hewa ikipita digrii 35, mwili wake unashindwa kabisa kujitawala, na ndipo wanaanza kufa, majike yenye mimba ya mbele. Katika uwanda wetu, mwisho wa kiangazi, bati bila kivuli inafika pale bila shida.

Mapafu yanaonekana puani. Ugonjwa unaojulikana zaidi ni ule wa pastereli. Sungura anapiga chafya, makamasi meupe, na jambo watu wengi hawaangalie: ndani ya miguu ya mbele manyoya yameshikana na kukauka, juu anajipangusa pua nayo. Mara nyingi jirani yake katika klapie naye ameanza. Mwingine shingo inapinda upande. Huyu muhitaji wa dawa, lakini dawa iliyochaguliwa na mganga wa wanyama, kwa kipimo cha sungura, na kwanza munamtenga na wengine.

Moyo unakuja pole pole na kwa mmoja tu. Pua ni kavu na safi. Anakula, lakini anaacha na kurudia, kama mtu mzee kwenye ngazi. Mgongo unakonda, mifupa inaonekana kwa vidole, wakati tumbo pengine linakuwa kubwa; wengine wanafikiri ni mimba, hata kwa dume! Masikio ni ya baridi hata mchana. Mkiinua mdomo wake taratibu, ufizi hauna rangi ya waridi, ni mweupe ao unaelekea bluu. Akikimbia kidogo anaanguka upande, anabaki pale, halafu anasimama kama hakuna kitu kilifanyika. Yule wa mwisho, musimkimbize tena kumuonyesha jirani.

Kwa kweli yanaweza kuchanganyikana. Sungura mwenye moyo mchovu ndiye wa kwanza kuanguka siku ya joto, wakati wenzake wanavumilia. Dume akianguka peke yake mchana mara mbili, mumuhesabu pumzi alfajiri.

Yale yanayoharibu moyo kwetu

Hapa ndipo tunaomba musome polepole, juu sehemu hii haina gharama hata franka moja.

Majani ya avoka. Kwetu miti ya avoka iko kila lupango, na kiangazi nyasi zikikauka, majani yake yanabaki mabichi. Mtoto anatumwa kutafuta chakula cha sungura, anavunja tawi. Majani, maganda ya mti, ganda la tunda na kokwa vina sumu inayoitwa persini. Sumu hiyo inaua misuli ya moyo. Imeonekana kwa sungura, kwa mbuzi, kwa kondoo, kwa farasi na kwa ndege wa nyumbani. Sungura aliyekula mengi anavimba shingo na kifua, anahema, na anaweza kufa kwa siku moja ao mbili. Jike anayenyonyesha, maziwa yanakatika. Aliyekula kidogo kidogo anaweza kubaki na moyo wenye kovu. Musitegemee kuyakausha, sumu haiondoke vizuri kwa jua. Tunda lililoiva ni chakula kizuri cha watu, lakini sungura, mbuzi na kuku musiwape hata lile. Na klapie isijengwe chini ya mti wa avoka ambao majani yanaangukia ndani.

Maua ya mapambo. Laurier-rose, na ule mti mdogo wenye maua manjano kama kengele unaopandwa kwa viwanja vya parokia, masomo na maofisi: yote mawili yana sumu inayoshika moyo moja kwa moja, na majani machache yanatosha. Ni sumu kwa mtu vile vile. Ua likikatwa, matawi yachimbiwe, yasitupwe karibu na wanyama.

Msongamano. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Afrika ya Kusini, Weber na van der Walt, walichapa habari ya sungura waliowekwa wengi katika nafasi ndogo. Hawakupewa sumu, hawakupewa ugonjwa. Msongamano wenyewe uliwaharibu misuli ya moyo, na wengine walikufa. Sababu ni kwamba mnyama anayeogopa bila kupumzika anajaza damu yake na ile nguvu ya woga, na nguvu hiyo ikikaa siku nyingi inachoma moyo. Sungura watano wakubwa katika sanduku moja, mbwa anapita chini usiku, watoto wanapiga kimti kwenye waya: ni jambo moja. Klapie ya dume iwe yake peke yake, juu ya miguu, ukuta imara upande wa nyuma, na pembe moja ya giza ambamo anaweza kujificha.

Unene. Dume anayeshinda ndani na kulishwa mahindi na mihogo mikavu kila siku anajaza mafuta kuzunguka moyo. Nyasi ziwe chakula, punje ziwe kiongezo.

Akiwa amekwisha kuugua

Tuseme wazi: moyo wa sungura uliochoka haurudie upya. Kinachowezekana ni kuupunguzia mzigo, ili mnyama aishi majuma ao miezi bila kuteseka. Kwa mzigo mkubwa, kazi iko mikononi mwenu kuliko kwa mganga.

Mumuhamishe chini ya kivuli cha kweli, paa la nyasi ao la majani ya ngazi juu ya bati, upepo ukipita. Siku za moto muweke chupa ya plastiki yenye maji ya baridi, imefungwa katika kitambaa, aegemee mwenyewe. Munaweza kulowanisha masikio yake kwa maji ya kawaida. Musimtumbukize katika maji hata siku moja, baridi ya gafula inamalizia moyo.

Maji ya kunywa yasikosekane usiku na mchana. Wengine wanafikiri kwa sababu tumbo lina maji basi wamnyime, hapana, watamuua. Kinachoondolewa ni chumvi, pamoja na lile jiwe la kulamba. Nyasi ziwe mbele yake kila saa, pamoja na matembele na lengalenga kidogo kumpa hamu. Sungura asipokula siku nzima tumbo linasimama, na pale atakufa na tumbo mbele ya moyo.

Kumshika ni kazi. Hakuna masikio, hakuna kumlaza mgongo chini, hakuna kuinamisha kichwa: matumbo yanashuka juu ya kifua na kumnyonga. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, umlaze juu ya mkono wako. Kama si lazima, usimshike.

Na asipandishwe tena. Kwa dume ya koperative hii ni ngumu, tunajua, juu familia zinangoja. Lakini kupandisha ni kazi kubwa kuliko zote kwa moyo wake. Anaweza kufa palepale juu ya jike. Kuna jambo lingine tena. Katika mpango wa kuzungusha, jamaa anapokea jike, anazalisha, anarudisha watoto kwa jamaa nyingine. Mbegu dhaifu ikiingia mle inapita nyumba kwa nyumba. Tunashauri komite isichague dume ao majike ya kuzungusha kati ya watoto wa dume aliyeugua moyo. Wafugwe, wakue, wachinjwe. Nyama yao haina kosa.

Dawa

Dawa ziko, na katika inchi nyingine watu wanatunza sungura wa nyumbani nazo kwa mwaka na zaidi. Ya kwanza ni furosemidi, ambayo inapatikana hata kwa farmasi za kwetu juu ya watu wenye presha ao kuvimba. Inatoa maji mwilini kwa mkojo, na pumzi inashuka haraka. Ziko na zingine zinazofungua mishipa ao kusaidia moyo kukamua, lakini hizo zinahitaji mganga anayefuatilia.

Shida ni kipimo. Furosemidi ya sungura huanza karibu miligramu 1 ao 2 kwa kilo. Sungura wa kilo 3 anapata basi miligramu 3 mpaka 6 kwa mara moja. Kidonge cha watu kiko na miligramu 40! Mtu akikivunja mara mbili na kumpa nusu, amempa zaidi ya mara tatu ya kipimo kikubwa, na mnyama anakauka maji, figo zinaharibika. Kwa hiyo tunaandika hesabu hizi juu muone hatari, si juu mujaribu wenyewe. Mganga wa wanyama ndiye atapima uzito, ataamua saa ngapi, na atarudia kuangalia hesabu ya pumzi katika daftari lenu.

Mganga mara nyingi iko Baraka ao Fizi centre. Hapa tunaomba mufikiri mbele ya kumfunga sungura mgonjwa juu ya pikipiki. Barabara, vumbi, kelele na jua vinatosha kumuua njiani, na mutafika na mzoga. Afadhali mmoja achukue video ya dakika moja, ubavu unaonekana vizuri, pamoja na picha ya pua na ya daftari, na kuituma kupitia monitere wa kilimo ao animatere wenu. Mganga anayeona video nzuri anajua mengi. Kama ni lazima asafiri, ni alfajiri, katika kikapu chenye nyasi kilichofunikwa kitambaa chepesi, peke yake.

Na pesa? Tutoe maoni yetu bila kuficha. Kwa sungura ambaye mwisho wake ni sahani, dawa ya moyo ni hasara. Achinjwe mapema, mbele hajapewa dawa yoyote. Aliyepewa dawa asiliwe mpaka mganga aseme siku. Kwa sungura wa mtoto ni jamaa yenyewe itaamua, na hakuna mtu wa komite wa kuwasema vibaya wakitaka kumtunza. Ila pumzi ikipita kiasi hata akiwa amelala kivulini, akiacha kula, akifungua kinywa, kumuacha hivyo siku nne ni mateso. Aliyezoea kuchinja afanye kazi yake haraka, na mtoto aelezwe kweli, asidanganywe kama alitoroka.

Kufungua kifua

Akifa ao akichinjwa, musimzike mbele ya kuangalia. Hapo ndipo koperative inajifunza bila kulipa. Anayefungua avae gloves ao mifuko ya plastiki mikononi, na nyama ya aliyekufa mwenyewe isiliwe, izikwe mbali na kisima.

Moyo mzima wa sungura wa kilo 3 ni kama ncha ya dole gumba la mtu mkubwa, mgumu, wenye ncha. Ulioharibika ni mkubwa, mviringo, laini kama kifuko, ao una mistari myeupe. Maji ya rangi ya chai nyepesi kifuani yanaelekeza kwa moyo. Usaha na mapafu magumu kama ini yanaelekeza kwa pastereli. Ini likiwa kubwa, jeusi na limejaa damu, linakwenda pamoja na moyo. Lakini ini lenye vidoadoa vyeupe vingi kama punje za mtama ni jambo lingine kabisa: hiyo ni koksidi, inapita kwa mavi, na siku hiyo hiyo klapie zote zisafishwe, nyasi za chini zitolewe, na chakula kitundikwe juu mahali sungura hawezi kukikanyaga.